Kukisia si Kubahatisha: Kompyuta Inavyotambua Lugha ya Msimbo

Leo nimeamua kuandika juu ya zile rangi tunazoziona kwenye msimbo wa programu, na hasa juu ya swali moja: kompyuta inajuaje kwamba msimbo uliobandikwa mbele yake ni wa Python, au C, au SQL, kama hakuna mtu aliyeiambia? Nimeifanya kazi hii ya kuandika programu kwa miaka sita sasa, na wanafunzi huniuliza swali hili mara nyingi kuliko maswali makubwa ya akili bandia. Jibu ni fupi: haijui, inakisia. Lakini namna inavyokisia ni hadithi tamu, na ikikosea kuna mtu anayeumia. Kwa hiyo nivumilieni nieleze polepole.

Nianze na wale ambao hawaandiki programu. Msimbo ni maandishi matupu. Faili lenyewe halina rangi hata chembe, ukilifungua kwa Notepad utaona weusi mtupu. Rangi huongezwa baadaye na programu nyingine, iwe ni kihariri unachoandikia au kivinjari unachosomea. Maneno maalumu ya lugha, kama if na return, hupakwa rangi moja, tuseme buluu. Maandishi yaliyo ndani ya alama za kunukuu hupakwa kijani. Namba nazo zina rangi yao. Halafu kuna maelezo, yaani yale maneno ambayo mwandishi huwaachia binadamu wenzake na kompyuta huyaruka kabisa. Hayo mara nyingi hupakwa kijivu, kama mtu anayenong'ona pembeni.

Rangi hizi zinasaidia kweli. Ukisahau kufunga alama ya kunukuu, nusu ya ukurasa inageuka kijani na unajua kuna tatizo kabla hata kompaila haijalalamika. Jicho husoma rangi kabla ya kusoma neno. Kumbukeni jambo hilo, maana huko mbele litatuletea shida.

Zana zilivyoanza

Miaka ya 2000, watu walipoanza kuandika sana mambo ya programu kwenye wavuti, walihitaji njia ya kupaka msimbo rangi ndani ya ukurasa. Mwaka 2004 zilitoka GeSHi, iliyoandikwa kwa PHP, na SyntaxHighlighter ya Alex Gorbatchev, iliyoandikwa kwa JavaScript. Zote mbili zilitaka uziambie lugha. Usipotaja, hazikusaidii.

Mwaka 2006 zikaja mbili nyingine ambazo bado tunazitumia hadi leo: Pygments ya Georg Brandl, iliyoandikwa kwa Python, na highlight.js ya Ivan Sagalaev. Hii ya pili ilijipatia jina kwa sifa moja inayowafurahisha wavivu wote, mimi nikiwemo: si lazima utaje lugha. Unaweka msimbo kwenye ukurasa, inautazama, inaamua yenyewe.

Google nao walikuwa na chombo chao kilichoitwa prettify, na chenyewe kilipita njia ya tatu. Hakikujisumbua sana na jina la lugha. Kilitafuta tu vitu vinavyofanana na maelezo, nukuu na maneno maalumu katika lugha nyingi kwa pamoja, kikavipaka. Stack Overflow walikitumia kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2020 walipohamia highlight.js.

Njia tatu za kuijua lugha

Ukiangalia zana zote, utakuta njia za kuitambua lugha ni tatu.

Ya kwanza ni kuambiwa. Mwandishi anataja lugha, mchezo umekwisha.

Ya pili ni ushahidi wa nje. Jina la faili likiishia na .py, hiyo ni Python. Likiishia na .java, hiyo ni Java. Wakati mwingine mstari wa kwanza wa faili wenyewe unajitambulisha, kama skripti zinazoanza na #!/usr/bin/python3.

Ya tatu ni kukisia kutokana na maandishi yenyewe. Hii ndiyo inayobaki pale vipande vya msimbo vinapobandikwa kwenye ukurasa au kwenye ujumbe. Kipande hakina jina la faili, mstari wa kwanza umekatwa, na aliyekibandika ameshaondoka zake.

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu kinatenganisha kukisia na kubahatisha. Anayebahatisha anarusha shilingi. Anayekisia anatazama mawingu, anasikia upepo, kisha anasema mvua itanyesha jioni. Anaweza kukosea, lakini ana sababu. Zana hizi zimetengenezwa zikisie. Tatizo ni kwamba zikikosa ushahidi, zinaanza kubahatisha bila kukuambia.

Uchaguzi ndani ya kivinjari

Tuingie jikoni tuone highlight.js inavyofanya kazi. Ina sarufi za lugha zaidi ya 180, ingawa kifurushi cha kawaida kina chache tu zinazotumika sana. Usipotaja lugha, inachukua maandishi yako na kuyasoma upya kwa kila sarufi iliyopakiwa. Inajifanya hiki ni C, inasoma mpaka mwisho. Inajifanya hiki ni Ruby, inasoma tena. Kila inapokutana na kitu kinachofanana na lugha hiyo, inaipa lugha hiyo pointi.

Ni uchaguzi kabisa, wagombea wamejipanga na kura zinahesabiwa. Na kama uchaguzi wowote, kuna kanuni za kuzuia ujanja.

Kwanza, pointi hazilingani. Mwandishi wa sarufi anaweza kusema alama fulani ni adimu na inaitambulisha lugha yake waziwazi, kwa hiyo ipewe pointi 10. Nyingine ataipa sifuri kwa sababu iko kila mahali. Kuna hata orodha fupi ya maneno ambayo kwa kawaida hayapewi chochote: of, and, for, in, not, or, if, then na mengine machache. Yanapatikana katika lugha nyingi mno kiasi kwamba hayathibitishi kitu.

Pili, neno moja haliwezi kupiga kura mara mia. Katika matoleo ya karibuni, neno maalumu likijirudia, huhesabiwa mpaka mara 7 tu. Baada ya hapo linapakwa rangi lakini haliongezi pointi.

Tatu, kuna kuenguliwa. Sarufi inaweza kutaja vitu ambavyo haviwezi kutokea kamwe katika lugha yake. Kikionekana kimoja, mgombea huyo anatolewa hapo hapo, hata kama alikuwa anaongoza.

Mwisho mwenye pointi nyingi anatangazwa mshindi na rangi zake ndizo zinazopakwa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba matokeo huja pia na jina la aliyeshika nafasi ya pili, pamoja na pointi zake. Yaani chombo chenyewe kinakuambia kama mshindi alishinda kwa mbali au kwa kura moja. Lakini tukishaziona rangi, nani hujali kuuliza?

Pygments hufanya jambo linalofanana kwa njia nyingine. Kila lugha inaweza kuwa na kipimo chake kinachosoma maandishi na kurudisha namba kati ya 0 na 1, na namba kubwa ndiyo inayoshinda.

Mstari mmoja, lugha nne

Sasa tazameni msimbo huu:

print "Habari"

Ni lugha gani? Mwenye mazoea ya zamani atasema Python 2, ambayo iliacha kutunzwa mwaka 2020. Ni kweli. Lakini ni Perl halali pia. Ni Ruby halali. Na ni Lua halali, kwa sababu Lua inakuruhusu kuacha mabano kama unaipa kazi kipande kimoja tu cha maandishi. Chukua mstari huo, uendeshe katika lugha hizo nne bila kubadilisha herufi, na kote utaona Habari.

Hapa hakuna mashine itakayojua, na hakuna binadamu atakayejua. Unaweza kumleta profesa, unaweza kuleta kompyuta ya bei yoyote, jibu halimo ndani ya mstari. Huwezi kukamua maziwa kwenye jiwe.

Ni kama kukaa kwenye matatu na kusikia mtu nyuma yako akisema kwenye simu neno moja tu: nyama. Anaongea Kiswahili? Inawezekana. Kikuyu? Wao pia husema nyama. Kikamba? Vilevile. Mtu mwenye busara hageuki na kuanza kumsalimia kwa Kikamba. Anangoja sentensi ya pili. Kipande cha msimbo chenye mistari 40 kina sentensi nyingi za pili. Kipande cha mstari mmoja hakina.

Na sisi tunaoandika maelezo ya msimbo kwa Kiswahili tuna kichekesho chetu. Katika asembli ya x86, je na ja ni amri za kuruka kwenda mahali pengine, na si ni jina la rejista. Katika asembli ya MIPS, la na li ni amri za kupakia. Sasa chukua swali la kawaida kabisa, kama vile "Je, si lazima jina la mteja liwepo?" Wewe unaona swali. Chombo kinachojaribu kuyasoma maandishi hayo kama asembli kinaweza kuona amri, rejista, na amri nyingine. Kwenye ile orodha ya maneno yanayopewa sifuri hamna je wala si. Bahati nzuri asembli haimo katika kifurushi cha kawaida, kwa hiyo madhara si makubwa. Lakini inaonyesha kwamba ushahidi hutegemea nani aliyekuwa akilini mwa mtu aliyetunga kipimo.

Kijivu kilichosema uongo

Mpaka hapa mtu anaweza kuniambia: sawa, rangi zimekosewa, kwani nani amekufa? Hakuna aliyekufa. Lakini ngoja niwaeleze.

Jumamosi huwa nasaidia kufundisha darasa dogo la programu huku Eastlands, Nairobi. Wanafunzi ni watu wazima wenye kazi zao. Mmoja wao ni dada anayeuza nguo za mitumba Gikomba, ambaye hujifunza jioni akishafunga biashara. Hana kompyuta nyumbani, kwa hiyo hulipia saa kwenye saiba. Alikuwa anasoma masomo ya lugha ya C kwenye tovuti moja ambayo sitaitaja. Somo lilikatakata programu katika visanduku vidogo ili kila sehemu ielezwe peke yake. Kisanduku cha kwanza kilikuwa na mistari miwili tu:

#include <stdio.h>
#define BEI 50

Kisanduku cha pili kilikuwa na programu yenyewe, yenye int, printf na return.

Jumamosi iliyofuata alinijia uso umemwiva. "Mwalimu, mimi na kompyuta hatuelewani. Nimelipa saa mbili, nimenakili kila kitu, na bado inaniambia BEI haijatangazwa. Labda niachane na haya mambo nirudi kwa nguo zangu."

Nikamwomba anionyeshe alichoandika. Mistari ile miwili ya juu haikuwepo.

"Na hii ya mwanzo umeiacha wapi?"

"Si ni maelezo? Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba ya kijivu ni ya binadamu, kompyuta inayaruka. Nikaona nisipoteze muda wa saiba kuyaandika."

Tukafungua ukurasa. Kweli, mistari yote miwili ilikuwa kijivu. Nikaangalia chanzo cha ukurasa nikakuta visanduku havijatajwa lugha hata kimoja, na kila kisanduku kilikuwa kinakisiwa peke yake. Cha pili kilikuwa na ushahidi wa kutosha, kikatambuliwa kuwa C. Cha kwanza kilichukuliwa kuwa skripti ya shell, na katika shell kila kinachoanza na alama ya reli ni maelezo.

Tulipoiandika mistari ile miwili, programu ikaendeshwa mara moja. Nilidhani atafurahi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa mwalimu, nitajuaje kijivu gani ni cha kweli?"

Sikuwa na jibu fupi. Mtu aliyezoea C akiona #include imepakwa kijivu atacheka na kuendelea, kwa sababu anajua tayari. Rangi zikidanganya, zinamdanganya yule ambaye hajui, na huyo ndiye anayezitegemea zaidi. Dada yule alifuata kanuni niliyomfundisha bila kukosea hata hatua moja, na kanuni ikampeleka shimoni kwa sababu rangi iliwekwa na mashine iliyobahatisha. Na alipofika chini, aliyemlaumu ni yeye mwenyewe.

Alama ya reli haiko peke yake. Alama // ni mwanzo wa maelezo katika C, Java na JavaScript, lakini katika Python ni kugawanya na kuacha desimali. Ukisoma jumla // 2 kwa macho ya Java, nusu ya hesabu inageuka kijivu. Alama -- ni maelezo katika SQL, Lua na Haskell, lakini katika C ni kupunguza moja. Alama ya asilimia ni maelezo katika Prolog na MATLAB, lakini katika C ni baki la kugawanya. Nukta mkato inafunga sentensi katika Java na inafungua maelezo katika Lisp. Yaani alama zile zile, lugha moja inasema "tekeleza" na nyingine inasema "ruka". Kosa la kukisia likigusa maneno maalumu, rangi inakuwa mbaya tu. Likigusa maelezo, maana yenyewe inageuka.

Wakubwa nao wanahangaika

Msidhani hili ni tatizo la tovuti ndogo. GitHub wana chombo chao cha programu huria kinachoitwa Linguist, kilichotolewa mwaka 2011, ndicho kinachohesabu lugha za kila mradi. Chenyewe kina faili zima, siyo kipande, na kina jina la faili. Hata hivyo kazi haijawa rahisi. Faili la .h linaweza kuwa C, C++ au Objective-C. La .pl linaweza kuwa Perl au Prolog. La .m linaweza kuwa Objective-C au MATLAB. La .ts linaweza kuwa TypeScript, au faili la tafsiri la Qt ambalo ndani yake ni XML.

Kwa hiyo Linguist hupanga hatua. Huanza na ushahidi wenye nguvu: kama mwandishi ametaja lugha ndani ya faili, kama jina linatosha, kama mstari wa kwanza unajitambulisha. Halafu inakuja mwisho wa jina. Halafu kanuni ndogo zilizoandikwa na watu kwa ajili ya magomvi yanayojulikana. Kukisia kwa takwimu kunakuja mwisho kabisa, na kwa miaka mingi kulifanywa kwa kanuni ya Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza ambaye andiko lake lilichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kufa kwake. Bayes anatufundisha kwamba haitoshi kuuliza ushahidi unafanana na nini. Uliza pia, kabla ya ushahidi, jambo gani lilikuwa na uwezekano mkubwa. Ukisikia neno nyama kwenye matatu ya kwenda Machakos, na ukilisikia kwenye matatu ya kwenda Nyeri, neno ni moja lakini dhana yako ya kwanza ni tofauti.

Na baada ya ufundi wote huo, GitHub wamemwachia mwenye mradi neno la mwisho. Unaweka faili la .gitattributes, unaandika mstari mmoja, na Linguist inakubali lugha uliyotaja bila kubishana.

Visual Studio Code nao waliongeza utambuzi wa lugha mwaka 2021, wakitumia mfumo wa Guesslang uliofundishwa kwa kusomeshwa misimbo mingi ya lugha zaidi ya 50. Unabandika msimbo kwenye faili jipya na kihariri kinajua. Hufanya kazi vizuri, nakiri. Lakini hata wao waligundua kwamba maandishi peke yake hayatoshi, wakaongeza uwezo wa kuangalia lugha ambazo umekuwa ukizifungua. Stack Overflow nao hutumia lebo za swali kusaidia kuchagua rangi. Wote wamerudi kule kule kwa Bayes: tafuta muktadha kwanza.

Ninavyofanya mimi

Baada ya miaka ya kuzoeana na zana hizi, nimejiwekea utaratibu huu. Chukueni kinachowafaa.

1. Taja lugha. Kwenye HTML, kiwango chenyewe kinapendekeza uandike class="language-c" kwenye kisanduku cha msimbo. Kwenye Markdown, jina la lugha linafuata zile alama tatu za kufungulia. Ni neno moja. Anayeandika somo anajua anafundisha lugha gani, na akinyamaza anamwachia mashine kazi ambayo yeye angeimaliza kwa sekunde mbili.

2. Ukishindwa kutaja, punguza wagombea. Kama tovuti yako inafundisha C, Python na SQL, usiruhusu lugha 40 zishindane. highlight.js inakubali orodha ya lugha unazotaka ijaribu. Wagombea watatu wanaojulikana ni rahisi kuwapima kuliko ukumbi mzima wa wageni.

3. Muulize aliyeshika nafasi ya pili. Kama pointi zake ziko karibu na za mshindi, usipake chochote. Acha msimbo mweusi. Msimbo usio na rangi haumdanganyi mtu, unamwambia tu asome mwenyewe.

4. Kisie kwa ukurasa, siyo kwa kisanduku. Kama visanduku kumi viko kwenye somo moja, karibu hakika ni lugha moja. Viunganishe, kisia mara moja, kisha paka vyote. Mistari ile miwili ya #include ingesaidiwa na ndugu yake wa chini yake.

5. Ukifundisha, eleza rangi zinatoka wapi. Siku hizi kabla ya kuwaambia wanafunzi kwamba kijivu ni maelezo, nawaambia kwamba rangi ni maoni ya programu nyingine iliyousoma msimbo kabla yao, na kwamba lugha yenyewe ndiyo yenye kauli. Halafu nawaonyesha mstari mmoja wa C ukiwa umepakwa kama Python, wacheke mapema.

Najua kuna watakaopinga. Watu hawataji lugha, watasema, na mtumiaji anayebandika msimbo saa nane za usiku akiwa na tatizo hawezi kuombwa ajaze fomu. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi tuache kukisia. Mimi mwenyewe nikibandika makosa ya seva kwenye kundi letu la kazini, sitaji kitu. Kwa watu wanaojua, kisio kibaya kinagharimu sekunde moja ya kukunja uso. Tofauti iko kwa anayesoma ili ajifunze. Yeye hana kitu kingine cha kulinganisha nacho. Ukurasa wa masomo unaomwachia mashine ibahatishe unaokoa dakika ya mwandishi na kutumia saa mbili za mwanafunzi, tena saa za kulipia.

Kinachokosekana kwenye zana hizi nyingi ni neno dogo sana ambalo Kiswahili kinalo: sijui. Hesabu za kulisema zipo tayari. highlight.js inajua aliyekuja wa pili, Pygments inajua namba yake ni ndogo, Guesslang inajua uhakika wake ni hafifu. Ni sisi tunaojenga kurasa ndio hatuwapi nafasi ya kulitamka, kwa sababu ukurasa wenye rangi unapendeza kuliko ukurasa mweusi.

Kwa hiyo kama una tovuti yenye msimbo, fanya jambo moja leo kabla ya kulala. Fungua kurasa zako tatu za zamani na utafute visanduku visivyotajwa lugha. Anza na vile vifupi, vya mstari mmoja au miwili, kwa sababu huko ndiko ushahidi ulikopungua. Andika lile neno moja. Kazi yote haitachukua muda wa kunywa kikombe cha chai, na kuna mtu mahali fulani, hutamjua kamwe, ambaye hatalazimika kujiuliza kama yeye na kompyuta wanaelewana.